Fimbo na Masimango: Wanafunzi wa Zamani Wanapoikumbuka Shule ya Mwingereza

Katika semina zetu za fasihi kuna ubishi ambao hauishi. Kikija kitabu cha mtu anayekumbuka shule aliyosoma chini ya Waingereza, darasa linagawanyika papo hapo. Upande mmoja unasema: huo ndio ukoloni, tazameni walivyowachapa watoto wa watu. Upande wa pili unajibu: bwana wee, zile ndizo zilikuwa shule, nidhamu ilikuwepo, leo mnasoma nini nyie? Mwalimu anaandika ubaoni "dhamira: ukatili", chini yake "dhamira: umuhimu wa elimu", kipindi kinakwisha, tunakwenda kula.

Makala hii inawapinga wote wawili, kwa sababu wote wanahesabu viboko. Dai langu ni kwamba katika maandishi ya aina hii kiboko ndicho kitu chepesi kuliko vyote. Kinachomrudisha mtu mzima kwenye kalamu miaka thelathini au hamsini baada ya kutoka shule ni masimango: kule kukumbushwa kila siku kwamba umesaidiwa, kwamba unakula cha watu, kwamba bila sisi wewe ungekuwa wapi. Aliyechapwa tu huandika kwa namna moja. Aliyesimangwa huandika kwa namna nyingine kabisa, na mhakiki asipotofautisha namna hizo mbili atakuwa anasoma majalada tu.

Nitategemea zaidi maandishi mawili: insha ya George Orwell iitwayo Such, Such Were the Joys, na kumbukumbu za Ngũgĩ wa Thiong'o, In the House of the Interpreter, zilizotoka mwaka 2012. Vitabu vingine nitavigusa njiani.

Orwell si mgeni kwetu. Wengi tumemsoma kwa Kiswahili kabla ya kumsoma kwa lugha yake, kwa kuwa Fortunatus Kawegere alituletea Shamba la Wanyama mwaka 1967. Ila tunamjua kama mtu wa nguruwe na siasa. Wachache wanajua kuwa kabla ya nguruwe alikuwa mtoto wa miaka minane, jina lake Eric Blair, aliyepelekwa mwaka 1911 kwenye shule ya St Cyprian's, shule ndogo ya bweni, ya binafsi, huko Eastbourne, pwani ya kusini mwa Uingereza. Shule ilikuwa mali ya mtu na mkewe, Bwana na Bibi Wilkes, na kila aliyepita pale anakubali kuwa mwenye sauti alikuwa Bibi. Baba yake Eric alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni huko India. Familia haikuwa maskini, lakini pembeni ya watoto wa matajiri na wa makabaila ilionekana hivyo.

Insha inaanza na jambo la aibu: mtoto anakojoa kitandani, na adhabu yake ni kuchapwa. Anachapwa, anatoka, anawaambia wenzake kuwa wala haikuuma. Bibi anasikia. Anarudishwa ndani, na safari hii anachapwa mpaka kiboko kinavunjika. Wasomaji wengi wanaishia hapo. Wanafunga kitabu, wanasema "ukatili", wanapata alama zao.

Lakini endelea kusoma. Kurasa zinavyosonga, fimbo inapungua na kitu kingine kinaingia. Eric anakuja kugundua kuwa wazazi wake wanalipa ada pungufu. Shule imempokea kwa punguzo kwa sababu ana akili, na inategemea kuwa atashinda mtihani wa kupata nafasi ya kufadhiliwa katika shule kubwa kama Eton, ili jina lake litumike kuitangaza St Cyprian's kwa wazazi wenye pesa. Kwa lugha ya mtaani, yeye ni bango. (Sisi tunaoona mabango ya matokeo ya mtihani wa taifa barabarani, yenye picha za watoto walioongoza, tusijifanye kwamba hatuelewi biashara hiyo.) Na kuanzia siku mwenye shule anapomwambia waziwazi kwamba anaishi kwa hisani yake, mtoto yule hana tena pa kusimama. Akifanya vibaya darasani si mvivu tu, ni mwizi wa fadhila.

Mfano ambao mimi huona umebeba insha nzima ni ule wa keki. Ilikuwa desturi pale shuleni kila mvulana, ikifika siku yake ya kuzaliwa, apate keki kubwa ya kugawana na wenzake, na gharama huongezwa kwenye hesabu ya mzazi. Eric hakupata hata mara moja, ingawa wazazi wake wangeilipia bila manung'uniko. Shule iliamua kwa niaba yao kwamba mtoto wa ada pungufu hastahili keki. Hebu tazama ustadi wa jambo hilo. Hakuna aliyemgusa. Hakuna alama mwilini. Hakuna sheria iliyovunjwa. Lakini mtu huyo alipofikia umri wa kuandika riwaya maarufu duniani, keki aliyonyimwa ilikuwa bado inamkaa kooni.

Hapa Kiswahili kinatusaidia kuliko Kiingereza alichoandikia. Sisi tuna neno. Kusimanga, kusimbulia: kumpa mtu kitu kisha kumtajia kile ulichompa mpaka kigeuke kuwa mzigo. Orwell anahitaji kurasa nyingi kueleza kitu ambacho bibi yeyote wa Kilosa angekieleza kwa kitenzi kimoja. Ninasema hivi bila kumdharau mwandishi. Ninachosema ni kwamba wahakiki wa kwao wamejadili sana kama insha ile inahusu ujinsia, dini au utabaka, na sisi tunaweza kuwaongezea kitu kwa kuisoma kwa jicho la lugha yetu.

Sasa tuje kwenye swali ambalo wanahistoria wanalipenda: je, alisema kweli? Orwell mwenyewe alijua anacheza na moto. Alipompelekea mchapishaji wake insha hiyo mwaka 1947 alikiri kuwa haiwezi kuchapishwa kwa kuhofia kesi ya kashfa. Alifariki Januari 1950. Insha ilitoka Marekani mwaka 1952, jina la shule likiwa limebadilishwa, na Uingereza kwenyewe haikutoka mpaka 1968, baada ya Bibi Wilkes kufa mwaka 1967. Majengo ya shule yalikuwa yameshaungua tangu 1939. Yaani mshitaki amekufa, mshitakiwa amekufa, na mahali pa tukio pameteketea. Walibaki mashahidi, nao hawakuafikiana. Cyril Connolly, aliyesoma pamoja na Orwell, alikuwa ameshaandika juu ya shule hiyo mwaka 1938 kwa dhihaka, ingawa miaka ya baadaye alilegeza kauli. Gavin Maxwell, aliyepita mikononi mwa mama huyo huyo miaka kadhaa baadaye, hakuwa na jema la kusema. Henry Longhurst, mwandishi wa habari za gofu, alimsifu na kumtetea.

Kuna wenzetu wakisikia hivi wanasema basi, kumbukumbu si ushahidi, tuachane nazo. Sikubaliani nao. Roald Dahl anatupa funzo zuri zaidi. Huyu aliwahi kuishi Dar es Salaam, akifanya kazi katika kampuni ya mafuta ya Shell kabla ya Vita ya Pili, na mwaka 1984 alitoa Boy, kitabu cha utoto wake katika shule za bweni za Kiingereza. Ndani yake anasimulia jinsi rafiki yake alivyochapwa kikatili huko Repton na mkuu wa shule ambaye baadaye alikuja kuwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Tuhuma nzito sana. Mwaka 1994 mwandishi wa wasifu wake, Jeremy Treglown, alionyesha kuwa kuchapwa huko kulitokea mwaka 1933, ilhali Geoffrey Fisher, askofu huyo, alikuwa ameshaondoka Repton tangu 1932. Aliyechapa alikuwa mwingine. Dahl alikosea mtu.

Lakini angalia alichokosea na alichokumbuka. Alikumbuka fimbo, mlio wake, mapumziko kati ya kiboko na kiboko. Mkono uliolishika fimbo ndio uliobadilika kichwani mwake. Hii ndiyo tofauti niliyoitaja mwanzo. Fimbo ni tukio, na tukio huweza kuhamishwa kutoka kwa mwalimu huyu kwenda kwa yule. Masimango ni uhusiano. Orwell asingeweza kumsahau au kumchanganya mtu aliyemsimanga, kwa sababu alikuwa na deni naye. Dahl hakudaiwa na mtu, mama yake alilipa ada kamili, ndiyo maana kitabu chake ni cha kuchekesha hata pale kinapotisha, na watoto wa dunia nzima wanakisoma kwa raha. Insha ya Orwell haina raha.

Turudi Afrika Mashariki. Ngũgĩ aliingia Shule ya Alliance, pale Kikuyu, Januari 1955, Kenya ikiwa katika Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952. Shule ilianzishwa mwaka 1926 na umoja wa makanisa ya Kiprotestanti. Kwa hiyo haikuwa ya mtu binafsi kama ya Bibi Wilkes, lakini ilijengwa kwa kuiga shule za Kiingereza: viranja, mabweni, ukaguzi wa asubuhi, skauti, sala, na mchezo wa Shakespeare kila mwaka. Juu ya yote alikaa Carey Francis, mwanahisabati aliyetoka Cambridge, mkuu wa shule tangu 1940 hadi 1962. Ukitaka mfano wa Mwingereza mkali kwa nia njema, huyo hapo.

Jambo la ajabu ni kwamba Ngũgĩ ameiandika shule hii zaidi ya mara moja, na kila mara inatoka na sura nyingine. Katika Weep Not, Child (1964) ni Siriana, mahali pa amani ambapo Njoroge anachukuliwa na askari kwenda kuhojiwa. Katika Petals of Blood (1977) Siriana hiyo hiyo ina mkuu aitwaye Cambridge Fraudsham, na mwandishi anamchora kwa kejeli bila huruma. Kuna migomo, wanafunzi wanafukuzwa. Chui, aliyewahi kufukuzwa kwa mgomo, anarudi kuwa mkuu wa shule akiwa Mwafrika na kuendeleza yale yale. Kisha inakuja 2012, mwandishi ana zaidi ya miaka sabini, na Carey Francis wa kweli anatokea akiwa mtu mwenye utata, mkali, mwadilifu kwa namna yake, anayeheshimiwa. Baadhi yetu walikisoma kitabu hiki wakalalamika kuwa mzee amelainika. Niliwahi kumsikia mwenzangu mmoja kwenye semina akisema Ngũgĩ amesaliti Petals of Blood.

Nadhani hajasaliti kitu. Soma kitabu ukiwa na neno masimango mkononi. Ngũgĩ anamaliza muhula wa kwanza, anarudi nyumbani Aprili 1955 akiwa na sare yake, akifika hakuna kijiji. Nyumba zimebomolewa, watu wamehamishiwa katika kijiji cha kulazimishwa chini ya ulinzi. Kaka yake yuko msituni na Mau Mau. Mtoto huyu analala kwenye godoro, anakula kwa ratiba, anajifunza Kiingereza kutoka kwa watu wa taifa lile lile lililobomoa nyumba ya mama yake. Huko nje, anasema, mbwa wa kuwinda wanamsubiri. Ndani ya geti yuko salama. Jina la kitabu limetoka kwa Bunyan, nyumba ya Mfasiri ambamo msafiri hupumzika na kufunzwa kabla ya kuendelea na safari.

Hapo hakuna haja ya mtu kumsimanga. Hali yenyewe inamsimanga. Kila usiku wa usalama ni fadhila asiyoweza kuikataa wala kuilipa, na anaishi kwa hofu kwamba shule ikijua habari za kaka yake fadhila hiyo itakatwa. Kwa maoni yangu huo upole wa 2012 una sababu. Mzee amekiri deni, na kukiri deni ni kitu tofauti na kumsamehe mdai. Ila lawama yangu moja ninayo: kuna mahali anamwachia Carey Francis nafasi kubwa mno ya kueleweka. Mtu huyu aliendesha kisiwa cha utulivu huku serikali ya watu wake ikifunga na kunyonga watu upande wa pili wa ua, na kitabu kinaeleza misimamo yake kwa subira ambayo sijui kama wasomaji wa Limuru waliohamishwa wangekuwa nayo.

Kuna kipande kimoja katika kitabu ambacho ni dhahabu. Mwalimu wa Kiingereza anawahimiza wanafunzi watumie maneno mafupi na mepesi, akitoa mfano wa Yesu ndani ya Biblia. Ngũgĩ ananyosha mkono na kukumbusha kwamba Yesu hakusema Kiingereza. Biblia ile ni tafsiri. Inachekesha, na darasani kwetu huchekwa. Lakini mtoto mwenye deni amepata upenyo mdogo wa kupumua, na ameupata kwenye suala la lugha. Kila kitu alichokuja kukifanya baadaye kiko ndani ya mkono ule ulionyoshwa.

Na hapa lazima turudi nyuma kidogo, kwenye Decolonising the Mind (1986), maana huko ndiko aliko mtu ninayemtafuta. Ngũgĩ anaeleza humo jinsi katika shule ya msingi mtoto aliyekamatwa akisema Kigikuyu alivyochapwa, au kutozwa faini, au kuvikwa kibao cha bati shingoni chenye maandishi ya kumwita mpumbavu au punda. Punda! Sisi tuna msemo kwamba fadhila ya punda ni mateke. Walimwandika punda shingoni, wakampa fadhila, na alipokuja kupiga teke mwaka 1977, na tena alipoandika mchezo kwa Kigikuyu na kufungwa bila kesi, walishangaa nini?

Katika kitabu hicho hicho anamtaja mvulana wa darasa lake la mwaka 1954. Mvulana huyo alifaulu kwa daraja la juu masomo yote isipokuwa Kiingereza. Akahesabiwa ameanguka mtihani mzima. Alikwenda kuwa utingo katika kampuni ya mabasi. Ngũgĩ, ambaye masomo mengine alipita kwa kawaida lakini Kiingereza alipata vizuri, akapewa nafasi Alliance. Anayasema haya kwa mistari michache kisha anaendelea na hoja yake. Mimi sikuweza kuendelea. Nilikaa na yule utingo siku nyingi.

Kwa maana, ndugu msomaji, kumbukumbu zote tunazozihakiki ni za walioshinda. Orwell alikwenda Eton. Dahl alikuwa Dahl. Ngũgĩ alikwenda Makerere. Hata anayelalamika analalamika kwa kalamu aliyopewa na anayemlalamikia. Ngũgĩ alitangaza mwaka 1986 kuwa anakiaga Kiingereza, na riwaya zake akaziandika kwa Kigikuyu kweli, lakini kumbukumbu zake tatu, za 2010, 2012 na 2016, zilitoka kwa Kiingereza. Alifariki Mei 2025, na shule yake tunaikumbuka kwa lugha ya shule. Sitaki kumbeza. Ninaona tu kwamba deni lingine hulipwa kwa sarafu ya mdai mwenyewe.

Jambo hili kwetu lina mizizi mirefu. Mwaka 1887 kilichapishwa London kitabu kiitwacho Kiungani, kazi ya wavulana wa shule za misheni ya UMCA huko Zanzibar, wengi wao watoto waliookolewa kutoka majahazi ya watumwa. Walisimulia maisha yao kwa kuombwa na walimu, na A. C. Madan, huyo huyo wa makamusi ya Kiswahili, akatafsiri na kuhariri. Kwa sehemu kubwa wanasimulia makwao, walivyokamatwa, walivyouzwa, walivyookolewa. Kuhusu shule yenyewe, juu ya walimu na kengele na adhabu, karibu hawana neno. Wangesemaje? Msomaji wa kwanza wa daftari alikuwa mwalimu aliyewakomboa. Ukitafuta mwanzo wa kumbukumbu za wanafunzi katika ukanda huu wa Waswahili, mwanzo ni huo: insha ya shukrani iliyosahihishwa, na kilichofika sokoni ni Kiingereza chake.

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Zombo, na nilifanya jaribio ambalo idara haikuniagiza. Jioni moja niliwasimulia wazee wawili watatu habari za Orwell, bila kutaja jina wala kitabu. Mmoja wao alisoma middle school miaka ya hamsini, chini ya mkuu wa shule Mwingereza. Nilipofika pale kiboko kinavunjika walicheka mpaka machozi, na kila mmoja akawa na chake: nani alivaa kaptula tatu, nani alikimbilia kwenye mikonge. Nilipofika kwenye keki, kimya. Mzee yule akaniuliza tu, "Na baba yake alikuwa na hela ya keki?" Nikamwambia alikuwa nayo. Akatikisa kichwa. "Basi hapo, mjukuu wangu, walimwua." Nimehudhuria mihadhara mirefu juu ya insha hiyo ambayo haikusema zaidi ya hapo.

Wilaya yetu ya Kilosa ina kata inayoitwa Ulaya, na utani wa huko hauna mwisho: fulani kaenda Ulaya kwa baiskeli, atarudi saa kumi. Lakini siku hizi kuna Ulaya nyingine inayotafutwa. Tangu sera ya elimu ya 1995 ilipofungua mlango kwa shule za msingi za binafsi zinazofundisha kwa Kiingereza, mzazi wa kijijini naye anapiga hesabu ya magunia ya mpunga, anauza, anapeleka mtoto bweni, ili asisome St. Kayumba. Nawafahamu watoto wa namna hiyo. Shule moja, ambayo jina lake naliacha, ilikuwa na kibao cha kuvaa shingoni kwa anayekutwa akisema Kiswahili, na sidhani kama aliyekichonga alijua kwamba anamnukuu Ngũgĩ. Kuhusu viboko, kanuni zetu za 2002 zinaviwekea kikomo cha vinne na utaratibu wa kuviandika, wakati Kenya ilivipiga marufuku mwaka 2001 na shule za binafsi za Uingereza zenyewe zilivikoma mwaka 1999. Huo ni mjadala wa wanasheria, na unaendelea. Mimi kama mwanafunzi wa fasihi nasikiliza kitu kingine: sentensi inayosemwa nyumbani wakati wa likizo, matokeo yakiwa mabaya. "Nimeuza shamba kwa ajili yako." Zamani aliyesimanga alikuwa mwenye shule. Leo kazi hiyo anafanyiwa bure na mzazi.

Watoto hawa wataandika nini, na kwa lugha gani? Riwaya ya Kiswahili imeshaingia mabwenini, tangu Rosa Mistika ya Kezilahabi mwaka 1971. Kumbukumbu ya kweli ya shule, iliyoandikwa kwa Kiswahili na mtu anayeita mambo kwa majina yake, bado ni haba sana, na silabasi zetu zinaifanya iwe haba zaidi kwa kuiweka tawasifu pembeni ya riwaya kana kwamba ni binamu maskini. Walimu wetu watanisamehe, lakini kipengele cha "fani" tunachokariri, yaani muundo, mtindo, wahusika, mandhari, hakina pa kuweka tatizo kubwa la maandishi haya, ambalo ni nani msomaji wa kwanza na mwandishi anamdai au anadaiwa nini naye.

Tawasifu ya Ngũgĩ inaishia kwenye basi. Ameshamaliza Alliance Desemba 1958, ni Aprili 1959, anakwenda zake, askari wanalisimamisha basi na kudai karatasi za kodi. Anakamatwa, anakaa rumande siku kadhaa, anafikishwa mahakamani, anajitetea mwenyewe kwa Kiingereza kile kile cha Carey Francis, na anaachiwa. Ni sura nzuri sana, imeandikwa kwa mkono uliokomaa. Lakini mabasi ya wakati ule yalikuwa na utingo, mtu wa mlangoni anayeona kila anayeshushwa. Kitabu hakimtaji, na sikuona mhakiki aliyemwuliza.